Jinsi ya kupima mitaa ya mjini Unguja imetengana kiasi gani

Kila mtu hapa mjini anajua kua mitaa haifanani, muulize hata mtoto wa skuli atakwambia wapi kwenye majumba makubwa na wapi kila masika maji yanaingia mpaka chumbani. Lakini siku ukikaa na watu wa manispaa au wa mipango miji ukawaambia "huku tumetengwa" watakuuliza mmetengwa kivipi, kiasi gani, ukilinganisha na wapi, na hapo ndo wengi tunakwama, tunabaki kulalamika tu na karatasi haina hata namba moja. Nimeandika hii kwa vijana wa vyuo wanaofanya utafiti, waandishi wa habari, kamati za shehia (eneo dogo la utawala lilo chini ya sheha) na yeyote mwenye simu, kompyuta ya kawaida na miguu ya kutembelea. Hela nyingi haihitaji, inahitaji subra na adabu.

Jambo moja kwanza. Watu wengi wakitaka kupima mgawanyiko wanachukua ramani, wanapaka kila shehia rangi, hii masikini hii tajiri, wamemaliza. Rangi inakwambia kilichomo ndani ya shehia, haikwambii chochote kuhusu baina yake na jirani yake, na mgawanyiko wenyewe uko pale baina, pale uchochoro unapozibwa, ukuta unapoanza, watu wanapoacha kupita. Kwaiyo tutahesabu nani anakaa wapi, alafu tutashuka mpakani tuupime kwa miguu, alafu tutauliza watu wanakutana wapi. Ukifanya moja tu katika hayo matatu jawabu lako litakua nusu.

Unapima mgawanyiko wa nini?

Hapa kwetu mtu akisikia mgawanyiko wa mitaa akili inakimbilia kwenye asili za watu, nani Mngazija, nani Mshihiri, nani Muhindi, nani Mpemba. Serikali ya kikoloni ilikua ikiwahesabu watu kwa asili zao, sensa ya 1948 iliwapanga hivo. Sensa zetu za siku hizi, pamoja na ya Agosti 2022, haziulizi kabila wala dini, na mie nakushauri na wewe usiulize. Jawabu la swali hilo linabadilika kwa kutizama nani anauliza, na historia ya Mapinduzi ya 1964 iko karibu mno, watu wazima waliyaona kwa macho yao. Alafu karatasi yenye majibu hayo ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya inaweza kumdhuru aliyekukaribisha nyumbani kwake.

Pima vitu badala yake. Maji yanatoka bombani siku ngapi kwa wiki, na yasipotoka mnachota wapi. Kodi ya chumba kwa mwezi. Watu wangapi wanalala chumba kimoja. Gari ya taka inafika au haifiki. Kutoka mlangoni mpaka kituo cha daladala ni dakika ngapi. Mtoto anasoma skuli gani. Usimuulize mtu kipato chake, hatokwambia ukweli na wala hana sababu ya kukwambia, lakini ukimuuliza jana alinunua maji madumu mangapi atakujibu bila ya kufikiri mana hilo halimuumizi, tena utapata na malalamiko yake juu yake, yaandike pia.

Chagua kitu kimoja au viwili tu. Ukichanganya kumi ukatengeneza alama moja ya "hali ya mtaa" hutoweza kumueleza mtu imetoka wapi.

Na tafadhali usipime watu kwa kuta zao. Mji Mkongwe unatisha kwa uzuri, milango ya nakshi, ghorofa za mawe, lakini baada ya Mapinduzi wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikachukuliwa na serikali, wakaingia wapangaji wa kawaida kutoka Ng'ambo (upande wa pili wa mji), mashamba na Pemba, wengine chumba kimoja familia nzima. Mpaka leo nyuma ya mlango mmoja wa nakshi unaweza kukuta hoteli na nyuma ya mwengine familia nne zinagombania choo kimoja. Anaehesabu milango atasema mtaa mzima ni wa matajiri.

Shehia au mtaa?

Takwimu rasmi zinakuja kwa shehia, kwaiyo utaanza na shehia. Omba jedwali na mipaka kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ramani za msingi ziko Kamisheni ya Ardhi. Pia kuna picha za droni, kisiwa kilianza kupigwa picha mwaka 2016, Kamisheni na vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wakiwemo, zinaonesha mpaka bati moja moja. Ila angalia tarehe ya picha. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikua na watu 593,678 sensa ya 2012 na 893,169 sensa ya 2022, yaani umeongezeka kama nusu yake kwa miaka kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda wilaya za Magharibi A na B, pahala ambapo kwenye picha ya zamani utaona minazi na kwa miguu utakuta nyumba zimebanana.

Tatizo la shehia ni kua mpaka wake umechorwa kwa ajili ya utawala, haukuchorwa kwa ajili yako. Shehia moja inaweza kua na nyumba nzuri za ghorofa mbele barabarani, alafu ukiingia ndani hatua mia unashuka bondeni kwenye vijumba vinavyoingia maji. Ukichukua wastani utapata "mtaa wa kati na kati" ambao haupo duniani. Charles Booth alipochora ramani za umasikini za London, za kwanza zikatoka 1889, hakuchukua eneo zima, alipaka rangi barabara kwa barabara, na ndo ikaonekana vile watu wenye uwezo wamepanga mstari kwenye barabara kubwa na masikini wako nyuma yao hapohapo. Habari zake alizipata kwa wakaguzi wa bodi za skuli waliokua wakipita nyumba kwa nyumba. Sie tuna sheha na wajumbe wake wanaojua kila nyumba, kwaiyo hali yetu ni nzuri kuliko yake.

Kwaiyo chukua shehia kwa hesabu za mwanzo, lakini kila shehia ikate vipande viwili au vitatu, cha barabarani na cha ndani angalau.

Hesabu ya kwanza, utofauti

Kuna kipimo kinatumika dunia nzima, kimezoeleka kutokana na kazi ya Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan wa Marekani mwaka 1955. Kinauliza swali moja, kama watu wa aina mbili wangesambaa sawasawa mji mzima, sehemu gani ya aina moja ingebidi ihame ili ifikie hivo? Jawabu linakaa baina ya 0 na 1. Sifuri wamechanganyika kabisa, moja wametengana kabisa.

Tuchukue mfano, namba hizi nimezitunga za kujifunzia tu. Shehia tano, tunaangalia nyumba zenye maji ya bomba yanayotoka na zisizo nayo. Shehia A ina 400 zenye maji na 50 zisizo nayo. B ina 250 na 50. C ina 200 na 100. D ina 100 na 150. E ina 50 na 150. Jumla zenye maji 1,000, zisizo na maji 500.

Sasa kila shehia tafuta fungu lake katika kila jumla. A ina 400 katika 1,000, hiyo 0.40, na 50 katika 500, hiyo 0.10, tofauti yake 0.30. B ni 0.25 na 0.10, tofauti 0.15. C ni 0.20 na 0.20, tofauti hamna. D ni 0.10 na 0.30, tofauti 0.20. E ni 0.05 na 0.30, tofauti 0.25. Usijali ipi kubwa ipi ndogo, chukua tofauti tu bila alama ya kutoa. Jumlisha zote unapata 0.90, gawa kwa mbili, 0.45. Maana yake asilimia 45 ya nyumba zisizo na maji ingebidi zihamie shehia nyengine ndo kila shehia iwe na mchanganyiko sawa. Hesabu hii unaifanya kwenye Excel kwa safu chache tu.

Sasa ona hatari ya mipaka. Tuseme A na E zimepakana na mtu akaziunganisha kua shehia moja, na B na D vilevile. A na E pamoja zina 450 na 200, ndo 0.45 na 0.40. B na D zina 350 na 200, ndo 0.35 na 0.40. C iko palepale. Tofauti zinakua 0.05, 0.05 na sifuri, jumla 0.10, nusu yake 0.05. Hakuna nyumba ilohama, hakuna bomba lilofungwa, kilichobadilika ni mstari kwenye karatasi, na mji ulokua umegawika 0.45 sasa unaonekana shwari kabisa. Ndo mana nasema vipande vidogo, na kila ukitoa namba sema umetumia mipaka gani. Shehia zinapogawiwa upya, namba za sensa mbili huwezi kuziweka pamoja mpaka kwanza uzirudishe kwenye mipaka ya aina moja.

Vipande vikiwa vidogo mno nako kuna shida yake. Ukiuliza nyumba nane tu kila kipande, bahati tupu itakuletea tofauti kubwa hata pahala ambapo watu wamechanganyika vizuri. Dawa yake rahisi, chukua majibu yako yote, yachanganye ovyo kwenye kompyuta, yagawe tena kwenye vipande vilevile, piga hesabu, rudia mara mia. Kama kuchanganya ovyo kunakupa 0.20 na wewe umepata 0.24 basi huna habari ya kuandika.

Hesabu ya pili, kujifungia

Hii inauliza kitu chengine. Nyumba isiyo na maji, katika shehia yake, majirani wangapi nao hawana? Kwa kila shehia chukua fungu la zisizo na maji, zidisha kwa sehemu ya nyumba zisizo na maji ndani ya shehia hiyo. A ni 0.10 mara 50 gawa 450, inatoka 0.011. B ni 0.10 mara 50 gawa 300, 0.017. C ni 0.20 mara 100 gawa 300, 0.067. D ni 0.30 mara 150 gawa 250, 0.18. E ni 0.30 mara 150 gawa 200, 0.225. Jumla 0.50. Mji mzima zisizo na maji ni theluthi moja, 0.33, kwaiyo nyumba isiyo na maji inaishi pahala ambapo nusu ya majirani hawana, wakati ingekua theluthi kama watu wamechanganyika. Mie naipenda namba hii kuliko ile ya kwanza kwasababu ukimsomea mama wa Jang'ombe anaelewa mara moja, ukikosa maji huna hata pa kuomba ndoo mana jirani nae hana.

Shehia zimekaaje upande wa nani

Hizo hesabu mbili zote zina upofu. Hazijui shehia gani iko jirani na gani. Fikiria ubao wa dama, nyeupe na nyeusi zinapishana, alafu fikiria ubao mwengine nyeupe zote upande mmoja na nyeusi zote upande wa pili, hesabu zetu zitatoa namba ileile kwa mbao zote mbili, na mji wa aina ya kwanza mtu anavuka uchochoro tu kashakutana na mwenziwe, wa pili anahitaji nauli.

Hapo kuna kipimo cha Moran, cha tangu 1950, kinaangalia kama majirani wanafanana. Kikikaribia 1 masikini wamerundikana pamoja na wenye uwezo pamoja, kikiwa karibu na sifuri hakuna mpango wowote, kikiwa chini ya sifuri wanapishana kama dama. Usikipige kwa mkono. QGIS na GeoDa ni programu za bure, unaingiza mipaka na namba zako inakufanyia. Kwa shehia tano hakina maana, unahitaji vipande vingi, thelathini na kuendelea. Wenzetu wa Wete na Chake, miji yenu ina shehia chache, usipoteze muda hapa, nenda moja kwa moja kwenye kutembea.

Kutembea mpakani

Hapa ndo roho ya kazi, na ndo pahala watu wanaparuka.

Chagua mipaka miwili mitatu ambayo watu wenyewe wanasema ni mipaka. Wa kwanza kila mtu ataotaja ni Darajani, barabara ya Benjamin Mkapa, pale ilipokua ile bahari ndogo ilotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo mpaka ikafukiwa kidogo kidogo. Inafaa kuupima huo, lakini usiufanye ndo wa pekee. Simama sokoni Darajani asubuhi uone, watu wa Ng'ambo, wa mashamba, wa Mji Mkongwe wote wanavuka na mikoba yao, mpaka maarufu kuliko yote nao unavukwa na umma mzima. Mipaka migumu sa hivi naiona zaidi kule nje, ukuta mpya wenye geti na mlinzi, na nyuma yake kijiji kilokuwepo tangu zamani ambacho njia yake ya kwendea pwani imezibwa. Na mengine ni majengo yenyewe, yale majumba marefu ya Michenzani yalojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, pima kutoka nyumba ya nyuma yake mpaka ilioko mbele, tizama kama kuna upenyo karibu au inabidi uzunguke mpaka mwisho wa jumba.

Tembea mstari mzima wa mpaka na daftari. Kila mita mia andika vichochoro vingapi vinapita mpaka upande wa pili, vingapi vilikuwepo vikazibwa (ukuta mpya, geti lenye kufuli, karo ya maji machafu ilojengwa katikati ya njia), milango mingapi inatizama mpakani, baraza ngapi zina watu wamekaa, maduka mangapi. Baraza inayokaliwa ni dalili kubwa sana, mana watu hawakai pahala wanapoona hawana haki napo.

Alafu tembea mstari mwengine wa urefu uleule ndani ya mtaa, pasipokua na mpaka wowote, hesabu vilevile. Huu ndo wa kulinganishia, na bila ya huu namba zako hazisemi kitu. Mfano mpaka wako una mita 600 na penyo 3, ni nusu upenyo kwa kila mita mia. Mstari wa ndani una mita 600 na penyo 15, ni mbili na nusu. Sasa unaweza kusema mpaka huu unapitika mara tano chini ya mtaa wa kawaida, na mtu wa mipango miji hana la kukuzuga.

Pima na mzunguko. Chukua nyumba moja upande huu na moja upande ule, kwenye ramani pima mstari ulonyooka, alafu tembea na simu ikihesabu mita. Kama mstari ni mita 120 na umetembea 160, gawa, 1.33, hiyo njia ya kawaida. Kama ni mita 120 na umetembea 480 umepata 4, hapo kuna kitu kinamzunguusha mtu. Rudia kwa jozi ishirini za nyumba zilizochaguliwa kwa kura, usichague zile zinazokupendeza wewe. Na mtembeze pia mama mwenye mtoto mgongoni au mzee wa bakora, njia unayoruka mtaro wewe yeye haruki.

Kitu chengine ni kona. Kutoka barabara ya gari mpaka mlangoni unakata kona ngapi? Bill Hillier na Julienne Hanson wa chuo kikuu cha London waliijenga elimu nzima juu ya jambo hili, nyumba ikiwa imejificha kona nyingi inapata wapita njia wachache. Zimamoto nao hawafiki, gari ya wagonjwa haifiki. Lakini kona peke yake usiichukue kama umasikini, Mji Mkongwe wenyewe ni kona tupu na wageni wamejaa, kwaiyo iweke karibu na namba nyengine.

Mwisho hesabu watu. Simama pahala pamoja robo saa asubuhi watu wanapokwenda kazini na skuli, robo saa baada ya alasiri, robo saa baada ya isha. Hesabu wanaovuka, tofautisha wanawake, wanaume, watoto. Mpaka ambao mchana unavukwa na wote na usiku hauvukwi na mwanamke hata mmoja, huo ni mipaka miwili tofauti na uiandike hivo. Usifanye kazi hii mwezi wa Ramadhani ukalinganisha na ya mwezi mwengine, mji unageuka, usiku unakua mchana.

Watu wanakutana wapi

Mtu anaweza kukaa Kwahani na siku nzima yuko Shangani kazini. Kwaiyo uliza watu wa pande zote mbili za mpaka, thelathini thelathini angalau, swali moja jepesi, jana ulifika wapi na saa ngapi? Jana tu, usiulize "kwa kawaida", kwa kawaida kila mtu anasema anakwenda kila pahala. Kisha panga majina. Tuseme upande wa kwanza walitaja pahala 18, wa pili 15, na pahala 6 zimetajwa na wote. Pahala zote kwa pamoja ni 27, gawa 6 kwa 27, unapata 0.22. Angalia na saa, mana mmoja akiwa Forodhani saa tano asubuhi na mwengine saa mbili usiku hao hawajakutana.

Tofautisha pia kufika kwa kazi na kufika kwa raha. Anaefagia hoteli na anaelala hotelini wako pahala pamoja saa ileile.

Maswali ya watoto ndo yanayonitia hamu zaidi. Mtoto anasoma skuli gani, na chuo cha Kurani anasoma wapi, na mpira anachezea wapi. Zamani watoto wa mtaa mmoja walikua skuli moja, sa hivi mwengine anapandishwa basi la skuli ya binafsi alfajiri na jirani yake anakwenda kwa miguu skuli ya serikali, na wanaishi ukuta kwa ukuta. Hesabu ya makaazi itasema wamechanganyika, hesabu ya skuli itasema hawajuani majina. Ukiwa na muda wa kupima kitu kimoja tu cha kijamii, pima hichi.

Kisha uliza shughuli. Harusi ya mwisho nyumbani kwenu ulialika watu wa mitaa gani? Na maziko ya mwisho uliyokwenda yalikua mtaa gani? Yaulize yote mawili. Maziko watu wanakwenda bila kualikwa, mtu akisikia tu anavaa kanzu anatoka, kwaiyo yanachanganya watu. Harusi inataka mwaliko, na mwaliko una mipaka yake. Mtaa ambao unazikana na jirani lakini haualikani harusi umekupa habari ambayo hakuna ramani itayokuonesha. Na swali la mwisho, usiku mgonjwa akizidiwa unampigia nani, na anakaa wapi? Ukipata majibu hayo chora mistari kutoka mtaa mpaka mtaa, utaona ipi inavuka mpaka wako na ipi inarudi nyuma.

Adabu ya kazi

Anza kwa sheha, kila shehia, na kibali chako cha utafiti mkononi. Piga hodi, amkia, subiri, na kama mwanamme hayupo nyumbani mwache dada mwenzako aingie aulize yeye. Usipige picha ndani. Kwa kuchagua nyumba, chapisha picha ya droni, zipe paa namba, piga kura, alafu nenda kwa hizohizo hata kama ya mwisho iko bondeni kwenye matope, mana ukichukua zilizo karibu na njia utapima barabara tu. Fomu unaweza kuiweka kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu, ukajaza kwa simu bila bando, ila zima kile kipengele cha kuhifadhi pahala halisi pa nyumba, hifadhi kipande tu.

Na kabla hujatoa ramani hadharani fikiria Booth tena. Rangi nyeusi kwenye ramani yake aliiandikia kua ni watu wa tabaka la chini kabisa, waovu, nusu wahalifu. Mitaa mizima ikabandikwa jina hilo. Wewe ramani yako isiandike "mtaa masikini", iandike "bomba linatoa siku mbili kwa wiki" au "penyo 3 kwa mita 600", lawama iende kwa bomba na ukuta.

Ipeleke kwanza kwa watu waliokujibu. Itandaze barazani baada ya alasiri, waite wazee, kina mama, vijana wa maskani, waache waisome. Watakwambia uchochoro huu ulifunguliwa wiki ilopita, geti lile linafunguliwa Ijumaa tu, daraja hili wewe umeliona kavu na mwezi wa nne halipitiki. Rekebisha hapohapo kwa kalamu nyekundu, kisha baada ya mvua za masika rudi utembee mistari ileile tena kwa fomu ileile, na namba za raundi zote mbili ndo uzipeleke manispaa.